Kopo la Thamostati

Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya ameandika insha ya "usipoziba ufa utajenga ukuta." Mimi niliiandika darasa la sita nikapata alama nzuri. Fundi wa gari langu bila shaka aliiandika, ndugu yangu aliiandika, na Mama, ambaye hakufika mbali shuleni, aliitaja methali hiyo kila nilipochana sketi. Halafu tukakua, na sote tukawa watu wa kungoja ukuta uanguke kwanza. Sijui insha zile zilikuwa za nini.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya mwezi wa saba mmoja hapa Umoja, Nairobi, nilipoamua kubadilisha vifaa vyote vinavyopoza injini ya gari langu kabla hata kimoja hakijaharibika. Sijawahi kufanya uamuzi uliochekwa na watu wengi kama huo. Niliachana na mume, hawakunicheka. Niliacha kazi ya kiwandani nikafungua duka la kushona sare za shule mbele ya nyumba, hawakunicheka. Lakini kung'oa rejeta isiyovuja nikaweka nyingine! Hapo watu walishika mbavu.

Gari lenyewe ni saluni nyeupe, kuukuu, lililotumika ng'ambo miaka mingi kabla ya kuletwa hapa, kisha likapitia mikononi mwa watu wawili ndipo likanifikia. Sikulinunua kwa fahari. Nililinunua kwa sababu figo za Mama zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, nilimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, akilala pale kwa muda wa saa nne, kisha nikamrudisha nyumbani kwangu. Akikosa siku moja, miguu huvimba. Akikosa mbili, pumzi humpanda. Akikosa ya tatu, muuguzi alinieleza kwa sauti ya chini itakavyokuwa, na sikumwomba arudie.

Mwanzoni tulijaribu teksi. Dereva mmoja alitushusha kando ya Jogoo Road baada ya Mama kutapika kitini, akaondoka akilalamika juu ya harufu. Siku hiyo nilijua kwamba sitamkabidhi tena Mama kwa mtu asiye na haya. Ndipo nikatafuta gari.

Kilichonifungua macho ni gari la jirani yangu wa mlango wa pili, la umri sawa na langu. Asubuhi moja paipu ya maji, kitu cha mpira kisichozidi urefu wa mkono, ilimpasukia akiwa barabara ya Outer Ring. Hakuona mshale wa joto ukipanda, na kusema kweli ni nani hapa mjini huangalia mshale? Aliendesha mpaka mvuke ukaziba kioo. Injini ikapinda kichwa, na gari lile mpaka leo limekaa juu ya mawe, kuku wa keateka, mwangalizi wa ploti, wanatagia kiti cha nyuma. Yeye akisimulia hucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Mama, katoka kwenye mashine, ameketi ukingoni mwa barabara ile na kipochi chake mapajani, malori yakimpita.

Nilifungua boneti siku hiyo hiyo. Mimi ni mshonaji, na kitambaa kilichochoka nakijua kwa vidole kabla hakijachanika. Paipu ya juu ilikuwa laini kama mkate uliochovywa chai. Sehemu ya juu ya rejeta ni ya plastiki, na plastiki hiyo iliyokuwa nyeusi ilikuwa imegeuka kahawia. Nilipoikwaruza kwa ukucha ikatoa unga. Nikafunga boneti nikakaa kwenye ngazi ya duka, nikawakasirikia wenye gari wawili walionitangulia, ambao walilitumia wakalipitisha kwa mwingine bila kufungua hata kifuniko.

Kwa muda wa wiki mbili, kila nilipokuwa nikimngoja Mama hospitalini, nilisoma kwenye simu namna injini inavyopozwa. Nikaandika orodha nyuma ya karatasi yangu ya vipimo: rejeta na kifuniko chake, paipu zote mbili, pampu ya maji na mshipi unaoizungusha, thamostati, na kulanti, yaani ile dawa ya rangi inayotiwa pamoja na maji ili vyuma visishike kutu. Thamostati sikuwahi kuisikia kabla ya hapo. Ni kidude cha chuma na shaba kinachoenea kwenye kiganja, na kazi yake ni ya mlinzi wa geti: injini ikiwa baridi, huyazuia maji yasiende kwenye rejeta kupozwa, injini ikipata moto wa kutosha, huyafungulia. Kwa hiyo injini hukaa kwenye joto lake, lisizidi wala lisipungue, na hita, kile kipuliza joto cha ndani ya gari, huazima joto hilo hilo. Nilivinunua vitu vyote hivyo mwenyewe, kimoja kimoja, nikavipanga chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Ndugu yangu mdogo, anayekaa Ziwani, aliniuliza kwa simu gari linavuja wapi. Nikamwambia halivuji. Akauliza kama nimeanza kwenda kwenye maombi ya mkesha, maana huko ndiko watu huonyeshwa mambo yatakayokuja. Alicheka peke yake. Naye fundi, mtu mwenye karakana ya turubai kando ya barabara kule Mowlem, alizunguka gari mara mbili, akaweka sikio kwenye injini, akaniambia kwamba nikimwomba atoe kitu kizima namharibia jina, watu watasema ameniibia. Ikipasuka, akasema, nimpigie tu. Atakuja popote nilipo.

Popote nilipo. Na Mama je?

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwa nimelisema kwa miaka minne. Figo za Mama hazikufa kwa kudra. Alipokuwa bado anakaa nyumbani kwetu, upande wa magharibi, aliambiwa ana presha, akapewa vidonge vya kumeza kila siku ya Mungu. Yeye alivimeza siku kichwa kilipouma. Kichwa kikitulia, aliona dawa imefanya kazi yake, akaihifadhi isiishe bure. Mimi nilimpigia simu kila jioni nikimuuliza, naye kila jioni alinijibu, ndiyo, nimemeza, wewe acha kunisumbua. Presha haiumi. Hukaa mwilini kimya ikitafuna, na siku utakapoisikia imeshamaliza. Nilipokwenda kumchukua aje kwangu nilifungua kabati lake, nikakuta pakiti za vidonge zimejaa, nyingine zimepita wakati wake, zimepangwa vizuri kama vikombe vya wageni. Nilizitupa zote bila kusema neno. Mtu hamkaripii mama yake, tena mgonjwa. Nilichofanya ni kufunga mlango wa kabati kwa nguvu.

Nilifunga milango mingi kwa nguvu tangu siku hiyo. Watu huniambia hasira hasara, hasa wale ambao hawajawahi kuwa na sababu nzuri ya kukasirika.

Fundi nilimshinda kwa kumwambia nitapeleka kazi kwa mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Tukakubaliana Jumatano. Sasa, kila mwenye gari huku Eastlands anaijua sheria moja: gari haliachwi kwa fundi. Unaketi pale pale kwenye kigoda au kwenye tairi, unakunywa chai, unaangalia kila boliti inayotoka na kila inayorudi. Hata ukiwa humuelewi, unaangalia. Mimi sheria hiyo naijua vizuri, na siku hiyo niliivunja, kwa sababu nilikuwa na sare za darasa zima za kupeleka shuleni. Nilimwachia orodha na vifaa, nikamsomea kimoja baada ya kingine, akaitikia kila kimoja. Jioni nikachukua gari. Rejeta mpya ilikuwa inang'aa, paipu mpya, mshipi mpya. Nilimshukuru. Siku iliyofuata nikaona mshale wa joto umelala chini kabisa hata baada ya kuendesha mwendo mrefu, nikafurahi. Nilidhani gari limepoa kwa sababu limepona.

Ijumaa ilikuwa siku ya ile baridi ya mwezi wa saba, wingu limeshuka juu ya paa na jua halijulikani liliko. Mtu asiyemfahamu mgonjwa wa mashine hawezi kujua baridi yake. Damu hutolewa nje, ikapita kwenye mirija, ikarudishwa mwilini, na mwenyewe hutoka pale akitetemeka hata kama nje kuna jua. Katika gari lile lote, kitu kimoja tu ndicho Mama alikisifu, nacho ni hita. Nilizoea kuwasha injini mapema, nikaiacha ipate moto, ndipo nikaenda kumchukua kwa kiti cha magurudumu. Akiingia alikuwa akifumba macho, ananyoosha mikono mbele ya tundu la hita, anakaa hivyo mpaka nyumbani. Nafikiri ndiyo dakika pekee za siku zile za mashine alizozipenda.

Siku hiyo hita ilipuliza baridi. Niliongeza, ikapuliza baridi kwa nguvu zaidi. Niliizima nikaenda kufungua buti nimtolee shuka, na pale kando ya tairi la akiba nikaona galoni ya kulanti niliyoinunua mimi mwenyewe, imefungwa, hata karatasi ya kizibo haijatolewa. Nilisimama pale nimeishika. Ndani ya gari nilisikia meno ya Mama yakigongana. Nilimfunika shuka, nikamfunika sweta yangu, nikaendesha nikiwa na blauzi tu, na njia nzima hakusema kitu, wala mimi sikusema. Jogoo Road ilikuwa imejaa na hatukusogea.

Tulipofika nyumbani nilimlaza, nikamtilia maji ya moto kwenye chupa akaiweka miguuni. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Akaangalia ukuta, akaniambia bila kunigeukia, "Jumanne siendi."

Nilimwambia nitalitengeneza gari. Akasema baridi ile hataipitia tena, gari litengenezwe lisitengenezwe. Alisema kama mtu anayekataa kuongezewa ugali.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Mowlem kabla fundi hajafungua turubai. Nilikuwa nimebeba galoni ile mkononi. Nilimuuliza kwa nini haikufunguliwa, naye akaniangalia kwa upole, kama mtu aliyefanya wema asioshukuriwa. Alisema aliniwekea kwenye buti kwa sababu anaogopa Mungu. Fundi mwingine angeiuza. Maji ya mfereji yanatosha, akasema, kulanti ni biashara ya wenye maduka. Nikamuuliza hita ina nini. Hapo akatabasamu.

"Aa, hiyo ni thamostati. Nilikutolea, madam. Hiyo kitu ni ya majuu, kwa baridi. Huku kwetu haina kazi, inachemsha tu gari za watu."

Ilikuwa mpya. Nilimpa mpya, ndani ya kiboksi chake, nikamsomea jina lake kwenye orodha. Alitoa ya zamani, na ile mpya hakuiweka kabisa. Nilimuuliza iko wapi, akainama chini ya benchi akavuta kopo la rangi, lile la lita nne, limejaa thamostati mpaka juu. Za kutu, za shaba, kubwa na ndogo, za miaka yote tangu aanze kazi. Hakuna gari lililopita mikononi mwake likaondoka na thamostati. Alinionyesha kopo lile kama daktari wa meno anayeonyesha meno aliyong'oa. Yangu ilikuwa juu ya nyingine, inang'aa.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Watu waliokuwa wakingoja magari yao waligeuka. Mwenye gari mmoja, mwanamume wa makamo, akaniambia kwa sauti ya kutuliza kwamba fundi yuko sahihi, hata lake liliondolewa thamostati na linatembea. Nikamuuliza kama hita yake inafanya kazi, akasema hajawahi kuiwasha. Nikamwambia basi anyamaze.

Fundi hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alinieleza kwamba mwanzo wa kazi yake thamostati moja iliganda ikiwa imefungwa, maji yakakosa njia, injini ya mteja ikaungua barabarani. Mteja akamfukuza mbele ya watu. Tangu siku hiyo aliapa kwamba kitu hicho hakitamwaibisha tena, akawa anakitoa kwenye kila gari kabla hakijaleta matata. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kumbe naye alikuwa akiziba ufa. Alikuwa ameufikiria ufa wake mmoja tu miaka yote hiyo, na Mama yangu alitetemeka kwa ajili yake.

Kando ya karakana kuna mama anayeuza chai na mandazi. Nilimwendea nikamwomba sufuria ndogo yenye maji na nafasi kwenye jiko lake. Alinitazama, akaona uso wangu, akanipa. Nikachukua thamostati yangu koponi, nikaitia kwenye maji yale ya baridi, nikamwita fundi. Akaja akipangusa mikono. Tukasimama pale sote watatu tukiangalia sufuria, na yule mwanamume wa makamo akasogea pia. Mvuke ulianza. Kidude kile kilikaa kimya chini ya maji, kimefumba. Nilianza kuogopa, maana haya yote nilikuwa nimeyasoma kwenye simu tu na sikuwahi kuyaona kwa macho. Halafu maji yalipokaribia kuchemka, kile kisahani cha katikati kikaanza kusogea, polepole, kikajisukuma chenyewe mpaka kikafunguka chote.

Fundi aliinama mpaka mvuke ukampiga usoni. Akaomba tuitoe. Tukaitoa kwa kijiko cha chai, nayo ilipopoa ikajifunga. Akairudisha majini mwenyewe ikafunguka tena. Alifanya hivyo mara tatu, na mama wa chai akalalamika kwamba anamharibia sufuria.

"Kumbe inajifungua," alisema. Miaka yote ile alikuwa akizitoa na hakuwahi kuiona hata moja ikifanya kazi.

Ningetaka kusema kwamba hasira yangu iliisha hapo. Haikuisha. Nilivuta kigoda nikakiweka hatua mbili kutoka kwenye bampa, nikaketi. Akamwaga maji yote, akaweka thamostati na gasketi yake, akajaza kulanti na maji safi kama nilivyomwambia, akaiacha injini ikinguruma huku kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Sikunyanyuka hata kwenda msalani. Mshale ulipanda ukafika katikati, ukasimama hapo. Nikawasha hita, joto likanipiga magotini. Fundi aliniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia nitaridhika Jumanne.

Jumapili ndugu yangu akapiga simu. Mama alikuwa amemweleza uamuzi wake kabla ya kunieleza mimi sababu zake, na sijui kwa nini hilo lilinishangaza. Alianza kwa sauti ya taratibu, ile sauti ambayo watu huitumia wakishakubaliana bila wewe. Mama amechoka, akasema. Mama ana haki ya kupumzika. Mwishowe akasema la kuvunda halina ubani.

Nilimuuliza ni lini alimpeleka hospitali hata mara moja. Nikamwambia kwamba wanaume wa nyumba yetu huwa na methali nyingi siku ya kazi. Halafu nikakata simu, nikarudi kwenye cherehani nikashona kola nne vibaya, nikazifumua zote. Mama alikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba hata kabla ya Jumanne kufika; niliona soksi zilivyomwachia alama.

Jumanne niliamka mapema nikaenda kuwasha gari. Nililiacha likinguruma getini mpaka vioo vikashika ukungu kwa ndani. Niliporudi, Mama alikuwa ameketi kitandani, amevaa gauni lake la kwendea hospitali na kitambaa cha kichwani, lakini miguu ilikuwa mitupu. Akasema alishasema. Nikamjibu kwamba gari limepona, aje tu aketi aone, akitaka kurudi kitandani atarudi. Sikusema kwa upole. Nilipiga magoti nikamvika viatu, nikavikaza, nikamshika mkono hadi nje, nikamketisha kiti cha mbele. Kisha nikafunga mlango, na wala sikuufunga polepole.

Nilipoingia upande wangu alikuwa ameshaweka mikono mbele ya tundu la hita. Alifumba macho. Akakaa hivyo, nami nikaona kwamba nimeshinda, na mkono wangu ukaenda kwenye gia.

"Joto lipo," alisema. "Umefanya vizuri. Lakini siendi."

Nilizima injini. Sijui kwa nini niliizima. Labda nilitaka asikie kila neno. Mikono yangu ilikuwa imeshika usukani, nikamwambia huku nikitazama kioo cha mbele, bila kumwangalia.

"Ulikuwa unameza dawa siku kichwa kikiuma. Nani alikwambia presha huuma? Vidonge umevipanga kabatini, na kila jioni unaniambia umemeza. Ulinidanganya, Mama. Kila jioni. Sasa mimi ndiye nabadilisha rejeta, mimi ndiye nagombana na mafundi, na wewe unataka kulala kitandani uniachie nini?"

Nilikuwa nikipiga kelele. Mlinzi wa geti aligeuka, akatuangalia, akaanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alipunguza mwendo. Nilikuwa mwanamke mzima aliyemkaripia mama yake mgonjwa ndani ya gari, asubuhi, mbele ya majirani, na mwili wangu wote ulikuwa ukitetemeka kama wake siku ile ya Ijumaa.

Mama hakulia. Nilimjua kuwa si mtu wa kulia. Alitoa mikono yake kwenye tundu la hita akaikunja mapajani.

"Baridi ningejifunika shuka," alisema. "Kitu nimeshindwa ni kubebwa mara mbili kwa wiki na mtu aliyenikasirikia na hasemi. Miaka minne. Unanivika viatu kama unafunga mzigo. Nikaona bora nikuondokee."

Nilitaka kumwambia si kweli. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeikagua kila paipu ya gari lile kwa vidole, na huyu aliyekuwa ameketi kando yangu sikuwa nimemuuliza hata mara moja anaendeleaje na mimi.

Nikamwambia bado nimekasirika.

"Najua," akasema. "Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi utamalizia njiani. Saa yangu ya mashine inapita."

Nikawasha injini. Nilianza tena hata kabla hatujaiacha Umoja, juu ya zile jioni zote za simu, naye akanijibu, kwamba vidonge vilikuwa vikimletea kizunguzungu shambani, kwamba aliogopa kuanguka peke yake, kwamba ningekuja kumwona badala ya kupiga simu ningejua. Hilo la mwisho liliniuma na nikamwambia limeniuma. Akasema vizuri. Tulifika tukiwa hatujapatana, muuguzi akatuuliza kuna nini, na Mama akamwambia kuwa hakuna kitu, tunaongea tu.

Ijumaa tuliendelea pale tulipoachia. Jumanne iliyofuata nilipotoka kuwasha gari nilimkuta Mama ameketi kwenye ngazi ya duka, amejivika viatu mwenyewe, akiningoja tugombane.